Udi Ndani ya Kompyuta

Mimi si mtu wa kusubiri. Miaka kumi na miwili niliyokaa Maskati ilinifunza kula nimesimama, kuvaa viatu huku nnashuka ngazi, na kumjibu mtu kabla hajamaliza swali lake. Nilikwenda huko na begi moja la mkononi. Nilianza kwa kupanga masanduku ghalani, na jioni, wenzangu wakicheza karata, mimi nilikuwa darasani. Nikatoka na stashahada ya ufundi wa kompyuta. Hakunisomesha mjomba wala hakuniandikia barua mkubwa yeyote. Nyumba yangu ya Jang'ombe nimeijenga mwenyewe, na kila apitaye huigeukia kwa ile rangi yake. Nayasema haya mapema kwa sababu asiyeyajua hatafahamu kwa nini kibao kimoja chenye urefu wa kalamu kilinitoa jasho kuliko miaka yote ile.

Kompyuta yenyewe nilirudi nayo kutoka huko. Jang'ombe nilikuwa bado najenga, kwa hiyo niliiweka kwa mama, Mji Mkongwe, ukumbini, ghorofa ya kwanza. Mama akaifunika kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, kama anavyofunika redio, seti ya vikombe na kila kitu anachokiheshimu. Hata nilipohamia kwangu sikuiondoa. Nilipenda ikae pale, wageni wa mama waione. Na barazani, tunapokunywa kahawa baada ya swala ya Alasiri, niliizungumza. Niliwaambia kwamba mtaa mzima ule hakuna mashine kama ile, labda kwenye ofisi za wakubwa, na hata huko sina hakika. Wakati huo ilikuwa kweli.

Lakini mashine huzeeka upesi kuliko mtu. Ilifika siku ukiiwasha unaweza kubandika maji ya chai, yakachemka, ukainywa chai mpaka majani ya chini, ndiyo kwanza inakuonyesha uso. Ukifungua ukurasa wa pili, ule wa kwanza unaganda. Kile kiduara kinachozunguka pale katikati kilikuwa kikinipanda kichwani. Siwezi kukaa mbele ya kitu kinachozunguka bila ya kwenda popote. Nikija kumtazama mama nilikuwa nikiinuka kitini, naenda dirishani, narudi, kiduara bado kinazunguka, naenda tena.

Aliyekuwa na haja nayo hasa ni dada yangu. Yeye na mumewe walikuwa wakiishi na mama katika nyumba ile ile, ghorofa ya juu. Shemeji aliumwa muda mfupi tu, akafariki, na dada akaingia eda. Kwetu hilo halina mjadala: miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje ila kwa dharura kubwa, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, hajipambi, hajitii manukato wala hajifukizi udi. Chumba chake kilikuwa na godoro, msahafu, na dirisha lenye luva ambalo kupitia kwake alikuwa akisikiliza njia yote ya chini.

Mimi nilikwisha kutangaza kwamba nitamwangalia. Nililisema siku ya hitma ya shemeji, mbele ya watu, na nikalirudia barazani. Dada yangu hakusema kitu mpaka siku moja nilipompelekea matunda, ndipo aliponiambia, bila ya kuinua macho kutoka kwenye ndizi aliyokuwa akiimenya:

"Ahsante kaka, Mungu akuzidishie. Lakini mimi nikitoka eda sitaki kuwa mgeni wa mtu. Hata wako."

Nilikasirika kidogo, sifichi. Halafu akanieleza. Kabla ya kuolewa alikuwa mpiga chapa, na vidole vyake vilikuwa na sifa. Sasa alikuwa ameona tangazo la kampuni moja ya nje inayotaka watu wa kusikiliza sauti zilizorekodiwa kwa Kiswahili na kuziandika neno kwa neno, kazi ambayo mtu huifanya akiwa nyumbani kwake. Alikwishaomba, wakamkubalia hatua ya kwanza, wakampa siku na saa ya mtihani. Mtihani huo ungefanyika kwenye mashine ile ile aliyoisajili, si nyengine, kwa saa moja na nusu mfululizo. Mashine ikiganda, programu yao inakutoa, na ukishatolewa hurudishwi tena. Nao walikuwa na kijiprogramu cha kupima, alichokwishakipakua. Kila kitu kilikuwa na alama ya kijani isipokuwa pahala pamoja: memori haitoshi. Ilikuwa giga nne, wao wanataka nane.

"Hiyo tu?" nilimwambia. "Hiyo ni kazi rahisi kama kunywa maji."

Nikamweleza mama pia, aelewe. Mashine ni kama mpishi, nilimwambia, na memori ni meza yake ya kukatia. Meza ikiwa ndogo, kila mara inabidi aweke kitunguu chini ndiyo akate nyanya, halafu aweke nyanya chini ndiyo akate kitunguu. Mimi nnaongeza meza. Mama aliukubali mfano huo kwa moyo mmoja. Akanambia ndiyo maana jiko la mkewe mjomba halitoi chakula kabla ya saa tisa.

Maduka ya hapa sikuyataka. Nilikuwa na yangu ya kusema juu ya mafundi wa mjini, na nilikuwa nikiyasema hadharani. Kuna mmoja hasa, mtu wa Tumbatu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mwenye kijiduka chini ya ngazi katika kichochoro cha nyuma ya Darajani. Zamani alikuwa akitengeneza redio za kaseti. Redio zilipokwisha akahamia kwenye simu, na kutoka kwenye simu akahamia kwenye kompyuta, bila ya kukaa hata siku moja mbele ya mwalimu. Alikuwa akija barazani petu kunywa kahawa. Siku moja nilisema, naye yupo, kwamba fundi asiye na cheti anabahatisha tu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani kwa kupapasa. Watu walimtazama. Yeye alimgeukia muuza kahawa akamwambia amuongeze kikombe mwenye cheti, kwa kuwa koo lake limekauka.

Kwa hiyo kibao cha memori nilikiagizia Maskati kwa msafiri. Kilifika siku mbili kabla ya mtihani, ndani ya kijisanduku cha plastiki, na kilikuwa cha aina hasa inayotakiwa. Naliandika hili makusudi, kwa kuwa wapo waliosema baadaye kwamba nilikosea aina. Sikukosea aina.

Nilikwenda kwa mama siku moja kabla ya mtihani, baada ya Adhuhuri. Nilikuwa na bisibisi zangu ndani ya pochi ya ngozi. Dada alikuwa ameshuka ukumbini, maana hakuna mgeni, amekaa kwenye mkeka karibu na ukuta na buibui lake jeusi, akitaka kuona. Nikaondoa kitambaa, nikachomoa nyaya, nikalaza kasha ubavu juu ya meza, nikafungua skurubu mbili na kuvuta kifuniko cha pembeni.

Harufu iliyotoka hapo sijapata kuisikia ndani ya mashine yoyote, wala darasani hawakutufundisha. Ilikuwa ya udi. Si kidogo. Ilitoka harufu ya chumba cha bibi harusi, nzito, tamu, ikajaa ukumbi mzima kama mtu amefungua sanduku la nguo la bibi. Mwanzo nilicheka. Halafu nikamwona mama amesimama, mkono mdomoni, anamtazama dada. Na dada ameshajifunika pua kwa ncha ya buibui na anainuka.

"Funga, mwanangu," mama alisema. "Funga hima. Mwenzio yumo edani."

Dada alipanda juu. Nilisikia mlango wa chumba chake ukifungwa. Mama akakimbilia madirisha, akayafungua yote, akachukua upepeo wa ukili akawa anapepea hewa kuelekea nje, huku ananiambia yaliyokuwa moyoni mwake kwa miaka. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, tangu mashine ile ilipoingia nyumbani, alikuwa akiwasha chetezo na kukiweka nyuma yake, sakafuni, pale kwenye vile vitundu inapovutia pumzi. Aliona moshi unaingia wenyewe, akafurahi, akaamini mashine inaupenda. Udi alikuwa akiupika mwenyewe, kwa sukari na mafuta mazuri, ule ambao hata jirani huomba. Dada alipoingia eda akaacha, asije akamharibia eda yake. Hakudhani kwamba ule wa zamani wote bado umo.

Nilimuuliza kwa nini, jamani, kompyuta ifukizwe.

"Kwa sababu yako wewe," akasema. "Ulikuwa unaisifu mno huko barazani. Kila mtu aliyeingia humu alikuwa anaiangalia. Kitu kikisifiwa vile, mtu lazima akikinge."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu lakini mikono yangu ilitaka kumaliza. Hili ndilo kosa langu, na nalieleza kama lilivyo. Nilipotazama ndani niliona vumbi limeshikana na kuwa kama ngozi ya kahawia, juu ya feni, juu ya waya, juu ya kila kitu. Mtu mwenye elimu yangu alitakiwa akae chini, asafishe kwanza, polepole, kipande kwa kipande. Lakini mama anapepea na kuhimiza, harufu inapanda ngazi kwenda kwa mjane, na mimi tangu hapo sina subira. Nikachomoa kibao cha zamani kwa nguvu, nikatia kipya, nikasikia kile kidoko cha kuonyesha kimekaa, nikafunga kifuniko. Haikufika dakika nne. Nikachomeka nyaya, nikawasha.

Mashine ikalia mara tatu. Skrini nyeusi. Ikalia tena mara tatu.

Nikazima, nikawasha. Mara tatu. Nikafungua tena, mama akalalamika, nikasukuma kibao zaidi. Mara tatu. Nikasema basi, nitie kile cha zamani, angalau irudi ilipokuwa, hata kwa uzito wake ule. Nikakitia. Ikalia mara tatu.

Hapo miguu yangu ikawa haitulii. Nilikuwa nimekuta mashine inayokwenda kwa kujikokota, na sasa nilikuwa na mashine isiyokwenda kabisa, na mtihani ni kesho saa tatu asubuhi. Nilizunguka meza. Nilikwenda dirishani nikarudi. Nilisoma tena maandishi ya kile kibao kana kwamba yangebadilika. Niliwasha mara ya tisa, ya kumi, kwa ujinga wa mtu anayebonyeza kitu kilekile akitaka jibu jengine. Mama alikuwa ameacha kupepea. Alikaa kwenye mkeka, akaniangalia.

Nikapanda juu. Nilibisha, dada akanijibu "naam" kutoka ndani. Nilimkuta amekaa kando ya dirisha, daftari mapajani. Alikuwa akifanya mazoezi: anasikiliza watu wanaozungumza njiani chini na kuyaandika maneno yao kwa kasi, kurasa na kurasa, maneno ya muuza samaki, ya watalii wasioijua njia, ya wake wanaoitana. Nikaanza kumweleza juu ya migusano, juu ya umeme, juu ya hitilafu ya kiwandani inayoweza kutokea hata kwa mtu mjuzi. Akaniacha nimalize.

"Kaka," akasema, "kuna mtu anayeweza kuitengeneza leo?"

"Mimi mwenyewe naweza, ila nahitaji muda."

"Leo, kaka. Nimekuuliza leo."

Akaniambia kwamba angeweza kushuka yeye na kuibeba kichwani mpaka Darajani, na kwamba asingeona uzito. Lakini hawezi kutoka. Na fundi hawezi kuingia nyumba yenye eda. Ndani ya nyumba ile hakuna anayeweza kuipitisha mlangoni isipokuwa mimi. Hakupandisha sauti. Alirudi kuangalia dirishani na akaendelea kuandika, na ule mwendo wa kalamu yake ulinishinda kuliko angenitukana.

Nikaifunga mashine kwa shuka. Nilidhani shuka itaificha. Shuka ya maua mekundu, na chini yake kitu cha pembe nne, na anayeibeba ni mtu ambaye njia nzima ile inajua kwamba ana stashahada. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikupi pa kujificha: ukikutana na mtu, mmoja wenu hujibana ukutani, na anayejibana hupata nafasi ya kukutazama vizuri. Pikipiki zilinipigia honi. Nilipita baraza yetu kwa haraka, kichwa chini, lakini muuza kahawa aliniona.

"Injinia," akaita, "mgonjwa anapelekwa wapi?"

Mwengine akamwambia aniache, mtu akibeba maiti hazungumzishwi. Walicheka wote. Sikusimama. Sikumbuki kama niliwahi kutembea kwa haraka vile na nikaona njia ndefu vile.

Fundi alikuwa ndani ya kijiduka chake, amekaa kwenye kiti kifupi, miwani imemshuka puani, anatia chuma cha moto cha kulehemu kwenye tumbo la simu. Mimi na yeye kwa miaka yote tulikuwa tukisalimiana kwa "vipi hali" tu. Ananizidi umri lakini sikupata kumwamkia. Nilijiambia kwamba mimi nimesoma. Nikaweka mashine juu ya meza yake, na neno likanitoka kabla sijalipima.

"Shikamoo."

Akainua uso. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Marahaba," akasema, akaivuta ile marahaba taratibu, kama anayeionja. "Na cheti umekuja nacho? Tungekiweka hapa juu, mashine ikaogopa."

Nilistahiki. Nikamweleza yote: kibao kipya, kibao cha zamani, milio mitatu, mtihani wa dada yangu, eda. Neno eda lilipotoka alikiweka chini kile chuma chake na hakunitania tena kwa muda. Akafungua kifuniko. Hakutazama ndani kwanza. Aliinamisha kichwa akanusa, kama mpishi anavyonusa sufuria.

"Hii haiumwi," akasema. "Hii imefukizwa."

Akanieleza, na namnukuu kwa maana kwa kuwa alisema mengi. Mashine za mjini anazijua kwa harufu. Za mahotelini zina harufu ya mafuta ya kukaangia. Za masjala zina vumbi la karatasi linalopigisha chafya. Za wafanyakazi wa mashamba ya Kizimbani zinakuja na harufu ya karafuu, na hizo anazipenda. Lakini za majumbani zote zina udi, na udi wa kupika ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu ya sukari. Moshi wake unabeba utomvu mwembamba. Ukiingia kwenye mashine na hewa yetu hii ya chumvi, unafanya gundi juu ya yale meno ya shaba ya kibao na ndani ya mfereji wake kinamochomekwa. Kibao kikikaa miaka bila ya kuguswa, meno yanaendelea kugusana pale pale palipo pasafi. Ukikichomoa na kukirudisha, unaiburura gundi ile na kuipaka kila pahala. Ndiyo maana hata cha zamani kilikataa.

"Umesomeshwa haya wapi?" nilimuuliza.

"Hapa," akasema, akaonyesha kiti chake.

Nilijiuliza, na bado najiuliza, kama waalimu wangu wa Maskati wangelijua hilo. Huko pia watu hufukiza, tena sana. Labda wangelijua kama wangelikuwa wakifungua mashine za watu badala ya za darasani. Hata hivyo elimu yangu haikupotea. Nilifahamu alichonieleza mara moja, bila ya kurudiwa, na si kila mteja wake angefahamu.

Akatoa kwenye droo raba ya kufutia, ile ya watoto wa skuli, nyeupe upande mmoja na buluu upande wa pili, akanipa. Akanipa na vibao vyangu viwili. Yeye akachukua mswaki na kichupa cha spiriti, akasafisha feni na waya na kila pembe, kisha akainama juu ya ule mfereji. Nilisita. Nilidhani yeye ndiye atakayefanya yote, mimi nisimame nitazame.

"Sugua," akasema. "Usiogope, haitaki stashahada. Upande mmoja, halafu upande wa pili, na usiguse kwa vidole."

Nikasugua. Raba ilitoka rangi ya kahawia kama kahawa iliyochuja. Nilitaka kwenda mbio na akaniambia nisiende mbio. Ukisugua kwa pupa unaibandua ile rangi ya dhahabu na huna kitu tena. Kwa hiyo nikasugua polepole, mimi ambaye sikupata kufanya jambo polepole tangu nishuke kwenye ndege ya kwanza. Jua lilikuwa linaondoka kwenye ukuta wa mbele. Kila nilipodhani nimemaliza, alikichukua kibao, akakiinamisha kwenye taa, akanirudishia.

Tulikuwa bado hatujaiwasha ilipoadhiniwa Magharibi. Akainuka pale pale, akafunika mfereji kwa kipande cha gazeti, akavuta mlango.

Nilimwomba tuiwashe kwanza, dakika moja tu.

"Dakika moja haitaibadilisha mashine," akasema. "Twende."

Tukaenda msikitini, tukasimama safu moja, bega kwa bega, na najua kwamba swala yangu ya siku ile ilikuwa na kasoro, maana nilikuwa nikisikia milio mitatu katika kila rakaa. Tuliporudi alitia kibao kipya kwa vidole viwili, bila ya nguvu, akakibana mpaka kikatoa kile kidoko. Kisha akaniambia niwashe mimi.

Ikalia mara moja. Skrini ya fundi ikang'aa. Sikupata nafasi hata ya kuinuka kitini; ilikuwa imeshafika, kila kitu kiko mahali pake, na pale penye hesabu ya memori imeandikwa nane. Kiduara hakikutokea. Nilimtazama fundi nikitaka aseme kitu kikubwa, lakini alikuwa ameshachukua ile simu yake na chuma chake.

"Mwambie dada yako Mungu ampe subira," akasema. "Na mama asikatazwe udi wake. Mwambie tu asiupeleke nyuma."

Asubuhi nilifika kwa mama kabla ya saa mbili. Tulikuwa tumeipandisha mashine chumbani kwa dada usiku uliopita, na haikuwa na harufu tena isipokuwa ya spiriti. Nilitaka nikae naye, pembeni, kwa tahadhari. Akakataa. Programu yao, si mtu, ilikuwa inamtazama kwa kamera, naye amejitanda buibui lake, na mtu wa pili haruhusiwi chumbani. Nikakaa ngazini. Ngazi za nyumba zile ni ndefu na zina kiza, na kila kipandio kina sauti yake. Nilizijua zote ndani ya saa moja na nusu. Nilishuka nikamwambia mama mambo yanakwenda vizuri, nami sikuwa na habari yoyote. Nilipanda nikatega sikio. Nilisikia vidole vyake. Havikusita. Vilikuwa vinapiga kama mvua juu ya mabati, vinatulia, vinapiga tena. Kila vilipotulia nilidhani imeganda. Nilikuwa nikihofia umeme usikatike, nikihofia kibao, nikihofia kwamba labda kuna jino moja sikulisugua sawasawa. Katika maisha yangu nimepita mitihani mingi na sikupata kuona mmoja ulio mrefu kama ule, na haukuwa wangu.

Mlango ulipofunguliwa alitoka anajikunja na kujikunjua vidole.

"Imekwenda?" nikamuuliza.

"Imekwenda mpaka mwisho," akasema, akapita kwenda kunawa uso.

Jibu la kampuni lilichukua siku tisa. Katika siku zile watu wa barazani walipouliza habari za mgonjwa, nilijibu kwamba nimeitengeneza. Fundi alikuwepo mara mbili na hakunipinga, alikunywa kahawa yake. Mara ya tatu nikasema mwenyewe, bila ya kuulizwa, kwamba aliyejua ugonjwa ni yeye, mimi nilisugua. Wakacheka, lakini nilisugua kweli, kwa mikono yangu, na kibao nilikichagua mimi, na hilo hakuna wa kuniondolea.

Siku ya kumi mama akanipigia simu akaniambia nije. Nilikwenda mbio. Dada alikuwa amepata kazi. Walikuwa wamemletea sauti za kwanza asubuhi ile ile, na alikuwa ameshuka jikoni kumwangalizia mama mkate. Nikapanda moja kwa moja chumbani kwake. Mashine ilikuwa imewashwa. Nikakaa kitini, nikafungua ule ukurasa unaoonyesha memori inavyotumika, nifurahishe macho yangu: zile nane zote, na zaidi ya nusu hazijaguswa. Nikafungua kurasa tano kwa pamoja, sita, saba, kwa ajili ya kuona tu. Hakuna iliyoganda. Nikaanza kufikiri kama tungeongeza nyengine, tukafikisha kumi na sita, na diski yake nayo ni ya zamani, ile ingebadilishwa pia, nikawa nimeshatafuta bei Maskati.

Sikusikia aliposimama nyuma yangu. Alikuwa amevaa vile vifaa vya masikioni shingoni na ameshika kikombe.

"Kaka, ondoka hapo," akasema. "Nnataka kufanya kazi."

Nikainuka. Akakaa, akafunga kurasa zangu zote saba, moja baada ya moja, akavaa vile vifaa masikioni na kuanza kuandika, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba chake, sijui niende upande gani.